Mama Anatumika Nyumbani

Ruashi, tarehe 3 mwezi wa pili 2024

Kwa Mama Mudogo Cathy, Kipushi,

Pokea salamu zetu kabla wino haujakauka. Je, kifua kimekuacha sasa? Sisi tuko wazima, isipokuwa babu yetu, Kambo, ambaye upande wake wa kushoto bado umelala tangu mwaka juzi. Mama anamgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu sauti yangu inakimbia, na kwa sababu ulikuwa mwalimu wangu wa darasa la nne kabla hujaingia biro, ofisi moja na Mama. Sahihisha makosa yangu kwa biki nyekundu, kama zamani.

Tangu ugonjwa ule wa barakoa, Mama anatayarisha karatasi za magari ya mizigo hapa mezani kwetu, na dereva Jeannot anazileta kwenu Kipushi, kama anavyoleta barua hii. Sasa chef mpya, mkubwa wenu wa kazi Papa Clément, anataka kila mtu arudi kukaa biro kuanzia mwezi wa tatu. Eti mtu wa nyumbani hatumiki. (Nimesoma katika kitabu kwamba kwa Waswahili wa mbali "kutumika" si kufanya kazi kama kwetu, ni kutumiwa, kama jembe au kisu. Nilicheka peke yangu.)

Mama akirudi biro, nani atabaki na Kambo? Mimi nina mtihani wa taifa mwezi wa sita. Mama ndiye aliyekuombea kazi pale, na wewe unakaa karibu na chef. Tusemee.

Mtoto wako,
Mapalo

*

Kipushi, 9/2/2024

Mutoto wangu Mapalo,

Jambo sana, na jambo kwa Kambo. Kifua inatulia, ni vumbi tu ya hapa. Barua yako nimesoma mara mbili. Kosa moja tu! Weye uko na kichwa, haina kama batoto ba siku hizi, simu mu mukono, mupepo mu kichwa.

Sikia. Tarehe makumi mbili iko réunion, mukutano ya hii maneno. Papa Clément anasema: "Muntu ya kutumika anaonekana. Adolphine, miye namuona wapi? Ku WhatsApp?" Na bantu banacheka. Bengine banasema mama yako anaikala tu ku nyumba, anapika bukari. Ile inaniuma, ni dada yangu.

Uniandikie siku ya mama yako, tangu asubuhi mpaka mangaribi. Nitaisoma mbele yao bote. Usifiche kintu. Chef anapenda kweli, uongo anasikia harufu yake. Lakini mama usimuambie. Unamujua na kiburi yake, atakukataza.

Mama Mudogo yako,
Cathy

*

Ruashi, tarehe 12 mwezi wa pili 2024

Kwa Mama Mudogo mpendwa,

Umeamkaje? Kambo anakusalimu kwa mkono wake mzima. Nimeandika barua hii mara tatu. Hii ndiyo safi.

Saa kumi na moja alfajiri Mama anamwosha Kambo. Saa kumi na mbili kompyuta imeshafunguliwa. Umeme ukikatika, anaipeleka kwa jirani, Mama Exaucée, mwenye jenereta, na kuandika amesimama kando ya ukuta, huku akikimbia kumgeuza Kambo. Majina ya madereva, namba za magari, uzito wa mizigo, vyote anavisoma mara mbili kwa sauti.

Nitasema yote kama ulivyoagiza. Nikitoka shule, saa ya kumgeuza Kambo, Mama ananisomea naye akimshika, na mimi naandika kwenye kompyuta, kwa maana vidole vyangu ni vyepesi. Mwezi wa kumi na moja niliandika Guelord badala ya Guelor, kwa sababu darasani kwetu yuko Guelord mwenye d. Herufi moja! Karatasi ikakataa kufanana na pasipoti, na dereva Papa Guelor akalala siku mbili mpakani. Mama hakunipiga. Aliambia biro kosa ni lake, akampelekea Papa Guelor kuku mzima kumwomba msamaha. Naandika hili ili waone alivyo mwaminifu.

Mtoto wako anayekutegemea,
Mapalo

*

Kipushi, 4/3/2024

Mutoto wangu Mapalo,

Habari ya Kambo? Mama yako simuulizi tena, namuona kila siku.

Umenyamaza, kumbe unanuna. Barua yako nilisoma yote, na sauti ya darasani. Pa "vidole vyangu ni vyepesi" bantu bakaanza kuangaliana. Pa d ya Guelord, Papa Clément alipiga meza, akacheka mpaka machozi: "Karatasi za mpaka mu mikono ya mutoto wa masomo! Na kuku juu yake!" Mama yako alikuwa pale, anaangalia viatu vyake. Sasa bote banamuita Madame D.

Ushukuru, kazi bamemuachia. Lakini ku meza ya mulango, kupokea bageni, kila siku, saa moja mpaka saa kumi na moja. Karatasi za magari bamenipatia miye. Mapalo ni baraka mu Kibemba, haina vile? Kweli umenibariki.

Juu ya Kambo, ubakie naye weye. Mutihani iko kila mwaka, Kambo iko moja tu. Miye ningekuya, lakini kazi mupya ni mingi.

Na usinikasirikie. Nilisoma neno gani lenye haukuandika?

Nakurudishia barua na biki nyekundu. Makosa tatu. Nane ku kumi. Kopi iko mu dosie, mu faili ya mama yako ku biro.

Mama Mudogo yako,
Chef Cathy

*

Ruashi, tarehe 17 mwezi wa sita 2024

Kwa Mama Mudogo Cathy,

Salamu. Kambo ana kidonda mgongoni. Mimi sina mikono ya Mama. Mama Exaucée alijaribu kukaa naye wiki moja, akashindwa. Usinirudishie barua hii.

Leo wenzangu wameingia kwenye mtihani wa taifa. Guelord mwenye d alipita kuniita akiwa na biki mbili mpya. Nilijificha nyuma ya pazia mpaka akaenda.

Mama huondoka kabla hakujapambazuka. Ile barua yenye wekundu aliikuta mezani. Aliisoma amesimama, akaikunja, akasema, "Uliandika muzuri, mutoto wangu."

Kambo anasahau. Kila asubuhi ananiuliza, "Adolphine eko wapi?" Yuko biro, Kambo. "Anatumika?" Ndiyo. Leo aliniangalia sana, akasema, "Na weye Mapalo, unaikala tu? Hautumike?"

Nilimgeuza kwanza. Kisha nikamjibu, "Nimeshatumika, Kambo."

Mapalo