Nilipanda Nyanya, Zikatoka Biringanya

Shangazi mpendwa, nakuomba unishike mkono kabla sijafanya jambo ambalo sitaweza kulirudisha nyuma.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka kumi na moja katika kiwanda cha nguo na kazi yangu ni kola, kola tu, mwenzangu wa kushoto anashona mifuko na wa kulia mikono, mashati yanaondoka bila mimi kuona hata moja likiwa limekamilika, nikirudi nyumbani mgongo unawaka, watoto wananisimulia habari za shule nami nasinzia, ndipo nikaanza kutamani maisha ya taratibu, nilime, nipike nilichopanda mwenyewe. Mume wangu ni fundi rangi, akaniletea ndoo zake tano tupu nikazipanga kibarazani, maana tunakaa ghorofa ya tatu, nikapanda nyanya, sikuzitoboa ndoo chini nikihofia maji yasimdondokee jirani wa chini ambaye ana mdomo, ila moja ilikuja kupasuka watoto walipoipiga mpira, na kila nikitoka kazini nakuta miche imesimama, ingawa wiki hii ni mirefu na wiki ijayo mifupi, nikasema labda ndiyo kilimo chenyewe. Mume wangu alikuwa akisema, “Mama watoto, mkono wako una baraka,” nami kichwa kikavimba, nikaandika barua ya kuacha kazi ili tuhamie kwenye shamba aliloniachia marehemu baba, na barua iko ndani ya mkoba tangu Jumatatu.

Basi Shangazi, ile ndoo iliyopasuka ikazaa, na kilichotoka ni biringanya. Nikamuuliza mume wangu, akakuna kichwa, akasema, “Labda ni nyanya za kisasa.” Jumamosi nikapita kwa mama anayeuza miche karibu na kituo, akanichekea: “Baba watoto hajambo? Mwambie miche mipya imefika, maana ameshanunua mara nne, na yote haikawii kufa.” Nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe yangu ilikufa yote, mara nne, naye mume wangu anapandikiza mingine nikiwa kazini, na tofauti ya nyanya na biringanya haijui! Sijamwambia kwamba najua. Nampenda na nimemkasirikia, hata kumtazama mezani nashindwa. Je, ananihurumia au ananicheka? Na hii barua niipeleke au niichane?

Mshona Kola

Mwanangu Mshona Kola,

Nimecheka mpaka miwani ikaanguka, kisha nikafuta machozi, na hayakuwa ya kicheko peke yake. Anayetaka kukucheka hapandi ghorofa tatu amebeba miche, mara nne, wakati mchana kutwa anashinda juu ya ngazi akipaka nyumba za watu. Huyo anakupenda, acha kumnunia.

Lakini nawe umenikera. Ndoo iliyopasuka ndiyo iliyozaa, na bado hukujiuliza? Maji yanatuama, mizizi inaoza. Mkono wako hauna kosa, ndoo ndizo zenye kosa. Zitoboe zote, weka sahani chini, huyo jirani akose la kusema. Na mumeo naye mwambie Shangazi amemkaripia: alikuficha kosa lako kwa huruma, nusura akufikishe shambani na watoto wawili bila kujua hata mche unakufaje. Huruma ya namna hiyo ina hatari zake.

Hamu yako si upuuzi, mwanangu. Miaka kumi na moja ya kola inamchosha yeyote. Ila barua hiyo usiipeleke, wala usiichane. Itoe kwenye mkoba, iweke kabatini. Chukua likizo, nendeni wote mkakae wiki nzima kwenye shamba la baba, mjue maji yanatoka wapi na shule iko umbali gani. Mkishavuna ndoo tano bila mkono wa muuza miche, ifungueni barua muisome tena, wewe na mumeo.

Leo kaanga hizo biringanya, umpakulie, umwambie unajua. Mwambie kwa upole, halafu unyamaze umsikilize. Kesho mkanunue mbegu pamoja. Zikiota, mzione zikiota. Zikifa, mzione zikifa, asibaki mtu ndani ya nyumba hiyo anayezika miche peke yake.