Sauti Juu ya Mabati ya Saa Saba

Alhamisi, Februari. Jua limewaka tangu saa tatu, hakuna wingu. Mimi sijambo, nimechoka tu.

Leo mtambo wangu umefanya kazi saa saba mchana. Naanza na hilo kwa sababu wiki jana haukufanya.

Mimi ni fundi wa redio hapa Kambi Muru. Karibu na kibanda changu kuna zahanati ya nesi Rose. Mama Atieno, mkunga, yuko mbali kidogo, Soweto West, upande mwingine wa mtaa huu wa mabanda. Waya wa simu tuliovuta kati yao uliibwa mara mbili. Ndipo nikaanza kutuma sauti kwa mwanga. Taa ndogo nyekundu kwenye mlingoti wa Mama Atieno inapepesa kufuata maneno yake. Kwangu, lenzi inaunasa mwanga ule na kifaa kinaugeuza kuwa sauti tena.

Nilijaribu asubuhi sita mfululizo. Sauti ilitoka safi. Nikamwambia, "Mama, sasa uko na simu."

Mchana sikujaribu.

Na nilijua. Chuoni tulifundishwa kwamba hewa ya moto ikipanda huyumbisha mwanga, vile ukuta unavyoonekana kucheza nyuma ya jiko la makaa. Kati yetu ni mabati matupu. Lakini nilitaka kusifiwa mapema.

Jumanne ya wiki jana, mchana, Mama Atieno aliniita. Nilisikia mikwaruzo tu. Nikadhani waya wa kifaa changu umelegea, nikakaa chini kuukaza. Mtu aliyetumwa kwa miguu alipofika, mtoto wa Nekesa, aliyekuwa akijifungua kwa Mama Atieno, alikuwa ameshakufa.

Sikulia. Nilifanya kazi.

Niliinua milingoti yote miwili, mbali na joto la mabati. Badala ya taa moja nikafunga nne, zimeachana kwa urefu wa mkono, zote zikituma neno lile lile. Mwanga mmoja ukiyumba, mwingine unafika. Lenzi yangu ndogo nikaitoa, nikaweka ya projekta mbovu, pana kama sinia. Mwanga ukikosa upande mmoja, unadakwa upande mwingine.

Leo saa saba, mabati yakimetameta hadi macho yanauma, spika ikasema: "Consolata, niitie Rose! Mtoto ametanguliza miguu. Aje mbio!"

Mikwaruzo ilikuwepo, lakini kila neno lilifika. Rose akatoka na mkoba wake. Saa tisa nikasikia kwenye spika sauti ya Rose mwenyewe: "Ni msichana. Wote wako poa."

Jioni nikaenda kwa Mama Atieno, nikamweleza kuhusu zile asubuhi sita. Alikuwa anafua vitambaa.

"Ulijua joto litaharibu?"

"Nilijua, Mama."

Akakamua kitambaa mpaka maji yakaisha. "Mimi siwezi kukusamehe hiyo. Mtoto hakuwa wangu. Nekesa anakaa pale, mlango wa bluu."

Nikaenda. Nekesa alifungua mwenyewe, akanivutia stuli kabla sijasema neno.

Nilimwambia nikiwa nimesimama.

Aliichukua stuli, akairudisha ukutani.

Jumamosi nitarudi kubisha tena. Akifungua, nitakaa kimya nimsikilize. Asipofungua, hiyo pia ni haki yake.