Mlio wa Springi Mpya

Nyamongo,
2 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yake. Sisi huku wazima, ila mvua imefanya barabara iwe shamba la mpunga. Simu hupokei, kwa hiyo barua nimempa Joel wa bodaboda, anakuja huko Ringwani.

Nimebadilisha springi za mbele za pikapu. Za zamani zilikuwa zimelala kabisa, nikipakia ndizi za Mokami kutoka Gorong'a tumbo la gari linakwangua mawe. Nimefunga mpya, nene, kwa mikono yangu hapa uani. Gari limesimama kama dume, lakini sasa linalia. Mguu wa kushoto mbele unagonga, ko, ko, na wakati mwingine unanung'unika. Mokami amekataa kupanda. Anasema mpaka baba mkwe aseme gari ni zima, la sivyo ndizi zitatembea zenyewe. Unajua anavyokuamini, mimi mumewe ni dereva tu. Niambie nianzie wapi.

Mwanao,
Sylvester

Ringwani,
6 Machi 2024

Mwanangu,

Marahaba. Tuko salama, isipokuwa magoti ya mama yako yanaleta ukorofi wa masika. Simu achana nayo, inanichosha. Kwenye karatasi mtu anafikiri.

Mlio lazima uuhoji. Gari likiwa limesimama, zungusha usukani huku mtu ameshika springi. Ikishtuka mkononi, haijakaa vizuri kwenye kikalio chake, au beringi ya juu ya shokapu imekufa. Kama ni kunung'unika tu, ulikaza bushi, ile mipira ya maungio, gari likiwa juu ya jeki. Lishushe, zilegeze, uzikaze upya gari likiwa limebeba uzito wake. Kosa hilo mlilifanya wote pale gereji kwangu Mugumu, nikafoka mpaka sauti ikakauka.

Lakini likigonga ukifunga breki, usipoteze muda kuniandikia. Fungua tairi. Ili springi iingie uliachanisha boljointi, kile kifundo kinachoshika mguu wa tairi, sasa tazama nati yake, na ile pini inayoizuia isifunguke. Boljointi ikichomoka tairi linalala, na hapo usukani unaushika wa nini? Mwambie mkwe wangu amefanya vyema kukataa.

Baba yako,
Werema

Nyamongo,
12 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Magoti ya mama yanaendeleaje? Mokami anakusalimu sana, amefurahi ulivyomsifu mpaka anatembea kwa maringo.

Bushi nimezilegeza na kuzikaza upya, manung'uniko yameisha. Ko, ko imebaki, hasa nikifunga breki. Tairi sijafungua, spana yenyewe niliazimisha na mtu kaenda nayo Sirari. Nimebana kipande cha tairi kuukuu katikati ya springi na sauti imepungua. Usinune. Ndizi zinaivia Gorong'a, na mchuuzi anayezichukua hapa sokoni amesema asipoziona Jumanne atatafuta mwingine. Jumamosi nakuletea gari ulisikie mwenyewe. Mokami atakuja kwa bodaboda, hajalegeza msimamo. Ukisema bovu, naliacha hapo nyumbani.

Mwanao,
Sylvester

Ringwani,
7 Aprili 2024

Mwanangu Sylvester,

Sijui nikujulie hali kwa maneno gani. Unakula? Tangu tumzike Mokami uliondoka bila kuaga na hujaandika. Mama yako kila asubuhi anafagia kaburi, halafu anaketi pale pale.

Nina neno nimelichelewesha. Jumamosi ile nilikaa kando yako, nikafumba macho kama zamani. Ulifunga breki mara tatu. Sikusikia kitu, hata injini sikuisikia. Masikio yangu yamekufa tangu mwaka juzi. Ndiyo sababu simu sipokei, na watu nawasoma midomo. Nilihisi mshtuko mdogo kwenye nyayo, nikajiambia ni jiwe.

Tuliporudi, Mokami alikuwa amesimama kule kwenye ghala. Mke wa mwanangu hawezi kupanda gari moja nami, ukwe unakataza, kwa hiyo alingoja mbali. Angekaa nasi ndani angenigundua. Watu wamengoja neno langu miaka thelathini, na mimi nikaona aibu kumwambia sijui. Nikapaza sauti, "Ni zima, mwanangu. Panda."

Jumanne boljointi ikachomoka kwenye mteremko wa Gorong'a. Mimi ndiye niliyemuua. Msiba wa kujitakia hauna kilio, ndiyo maana ulipokuwa unalia mimi sikulia, na najua ulinitazama vibaya. Njoo unitukane ana kwa ana. Nitaona midomo yako, na nitaelewa kila neno.

Baba yako,
Werema

Nyamongo,
15 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Mwili wangu ni mzima. Chakula jirani ananiletea, kingine nakula, kingine kinachacha. Mwambie mama asikae kwenye unyevu.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Baba, mimi nilijua. Mama aliniambia Krismasi kwamba husikii, akanisihi nisikuaibishe. Ndipo nikaanza kukuandikia barua, nikijifanya nalalamika kwamba simu hupokei. Nilipokuletea gari ulisikie, nilijua hutasikia. Mimi niliisikia ile ko mara zote tatu, nikageuka nikakutazama ulivyofumba macho, nikanyamaza.

Sikuja kwa ajili ya masikio yako. Nilihitaji mdomo wako, kwa kuwa Mokami asingepanda bila wewe kusema, na mimi nilitaka ndizi zifike sokoni. Nilijua aibu yako itasema ni zima. Spana ningeweza kuazima kwa mtu mwingine, gereji hapa ziko nne. Niliona uvivu.

Uliposema panda, alipanda huku anacheka, na tulirudi salama. Jumanne tulipoanza kushuka, mguu uligonga kwa nguvu. Akashika dashibodi, akanigeukia. Nikamwambia, "Si baba amesema ni zima?" Akaachia dashibodi, akakaa vizuri kwenye kiti.

Mwanao,
Sylvester