Sentensi Isiyokuwamo Kwenye Filamu

Mvuto wa kudumu, kwa maana ninayoitumia hapa, ni tofauti na kupendwa sana. Kitu kinaweza kupendwa sana msimu mmoja na kusahaulika unaofuata. Nasema filamu ina mvuto wa kudumu pale mtu anapoirudia akijua kila kitakachotokea, na bado akaitazama kana kwamba safari hii huenda mambo yakaenda vingine.

Kwa kipimo hicho, nyumbani kwetu filamu ni moja tu.

Leo ni Jumapili. Mvua imeipiga Chamazi tangu alfajiri, mtaa wetu umekuwa tope tupu, nami nimerudi kutoka Buguruni viatu vikiwa mkononi. Lipo jambo lililonilazimu kuliamua kabla ya Jumamosi, siku ya sendofu ya mdogo wangu Neema, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, na nimeliamua. Ninaandika kwa sababu uamuzi umeacha swali nyuma yake, na swali hilo linanivutia kuliko uamuzi.

Filamu yenyewe ni ya kigeni, katika lugha ambayo hakuna aliyeijua mtaani kwetu. Wanafunzi wawili wa mji wa milimani wanapendana kwa aibu kubwa. Baba wa msichana anahamishwa kikazi. Mwishoni wanaagana kituo cha basi. Hakuna zaidi. Tuliiona Neema akiwa sekondari, katika banda la video la Buguruni, tulikokulia, na tuliiona kama filamu zote za pale zilivyoonwa: mtafsiri ameshika kipaza sauti, sauti ya filamu imepunguzwa, naye anasema kwa niaba ya wote, mvulana, msichana, baba, hata dereva wa basi. Wa kwetu aliitwa Sudi. Rekodi zake ziliuzwa kwenye CD, na moja tunayo hadi leo.

Katika rekodi hiyo msichana, akiwa ameshashika mlango wa basi, anamwambia mvulana: "Ukichoka kunisubiri, kaa chini. Ukishapumzika, endelea."

Sentensi hiyo imekuwa mali ya familia. Mama huisema kwenye foleni ya hospitali. Na Baraka, ambaye naye aliisikia katika banda lile lile, alimwambia Neema hivyo siku yeye mwenyewe alipoondoka kwenda kufanya kazi machimboni Geita. Walikuwa wachumba kwa maneno tu, hata barua ya posa haijaletwa. Kazi ikaisha, simu zikapungua, kisha zikakoma kwa muda ambao kila mtu mwenye akili timamu, mimi nikiwemo, aliuchukulia kuwa ndiyo jibu. Wachumba wengine wakaja, wakarudishwa. Shangazi akamwambia waziwazi, "We mtoto, utazeekea dirishani."

Neema akacheka. "Nimekaa chini tu, shangazi. Napumzika."

Baraka alirudi. Jumamosi tunamuaga Neema.

Aliniomba kitu kimoja: kipande kile cha kituo cha basi kionyeshwe ukumbini kabla ya keki. CD yetu imejaa mikwaruzo, na mshereheshaji alisema kikikuzwa ukutani wageni wataona ukungu. Nikatafuta nakala safi. Nilipoipata, yenye sauti yake ya asili na maandishi ya Kiingereza chini, niliketi mchana na chai yangu kuikagua.

Msichana hasemi kitu.

Anashika mlango wa basi, anamtazama mvulana, anapanda. Basi linaondoka. Mvulana anabaki amesimama na begi la shule, kisha kioo kinakuwa cheusi. Hakuna ahadi wala dalili ya kurudi. Nilidhani maandishi yameruka, nikarudisha nyuma. Midomo yake haisogei. Midomo hiyo tumeitazama miaka yote kwa macho yetu wenyewe. Lakini maneno ya Sudi hayakuwahi kufuata midomo ya mtu yeyote, kwa hiyo tulikuwa tumeshaacha kuitegemea.

Nafundisha chuoni namna ya kujenga hoja, na nilikuwa na nadharia yangu: kwamba filamu hii inadumu kwa sababu ya sentensi ile, ambayo inaukiri uchovu kabla ya kudai uaminifu. Ahadi nyingi za vijana huukana uchovu, na ndipo huvunjikia. Bado naiona hoja nzuri. Imebaki hoja isiyo na filamu.

Hilo ni langu, nitapona. La Neema ni zito zaidi. Alisubiri kwa kumwiga mvulana aliyeahidiwa, na kumbe mvulana huyo hakuahidiwa chochote. Je, nimwambie wiki ya sendofu yake? Nikinyamaza, atauona ukweli ukutani mbele ya wageni wote.

Kabla ya kuamua nilitaka kujua sentensi ilitoka wapi. Ndiyo maana leo nilikwenda Buguruni. Sudi siku hizi anauza mabomba na matanki ya maji. Nikamwamkia, akaitikia, akanitazama mpaka akanikumbuka.

"Ile ya kituo cha basi! Nyie mlikuwa mnaliaga mpaka mnachelewesha filamu ya saa kumi."

Nikamuuliza kwa nini alimpa msichana maneno ambayo hakuyasema.

"Sasa ningefanyaje, sista? Pale pamekaa kimya sana. Ukinyamaza Buguruni watu wanapiga kelele, 'Sauti! Sauti!' Wanadhani mashine imekufa, wanataka hela yao. Mie najaza tu."

"Na sentensi yenyewe uliitoa wapi?"

"Sentensi gani?"

Nikamtajia. Aliisikiliza kama mtu anayeonyeshwa bidhaa ya duka jingine.

"Nimesema mie hivyo?" Akamgeukia mteja aliyekuwa anachagua bomba. "Umesikia, braza? Kumbe nilikuwa mkali!"

Nilirudi nyumbani na uamuzi. Mtu hawezi kuachwa agundue jambo lake mbele ya watu mia.

Neema alikuwa sebuleni akitembea na viatu vya sendofu ili vilainike. Nikafungua kompyuta. Alikitazama kipande chote akiwa amesimama na visigino vyake virefu.

"Irudishe."

Nikairudisha.

"Hajasema."

"Hajasema."

"Kwa hiyo kaka wa watu pale hajaambiwa kitu. Kasimama tu." Akaketi, akavua kiatu kimoja, akakishika mapajani. Nikamweleza habari ya Sudi na kelele za "Sauti!" Alinyamaza muda mrefu kiasi kwamba nami niliuelewa woga wa Sudi, nilitamani kuujaza ukimya kwa lolote. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho. Sikuweza kujua ni machozi ya aina gani.

"Shangazi asijue, dada. Atanimaliza."

Nikamwambia tunaweza kutumia CD ya zamani, ukungu na yote.

"Hapana. Weka hiyo hiyo ya kimya. Na Baraka usimwambie."

"Kwa nini?"

"Nataka nimwone pale atakaposubiri ile sentensi, halafu isije."

Akavaa kiatu, akaendelea kutembea. Hatua zake hazikuwa na haraka wala mashaka, ingawa nakiri kwamba hatua si ushahidi.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma maoni ya watazamaji chini ya nakala ile mtandaoni. Watu wa nchi ambazo sizijui wanaandika kwamba hulia hapo hapo, kwenye kituo cha basi. Wao waliuona ukimya, sisi tulisikia maneno, na wote tunairudia. Ni rahisi kuhitimisha kwamba filamu inadumu kwa kuacha nafasi ambayo kila mtu hujaza mwenyewe. Siridhiki. Filamu zenye ukimya ni nyingi, na nyingi zimesahaulika. Tena Neema hakujaza kitu mwenyewe. Alijaziwa na mtu aliyekuwa akilinda kiingilio, naye akayaishi maneno hayo mpaka yakawa kweli.

Jaribio lake la Jumamosi nalisubiri kwa shauku. Litaonyesha Baraka anafanya nini katika ukimya leo, akiwa amesharudi. Ninalotaka kujua mimi, jaribio hilo haliwezi kulionyesha, wala sioni jingine linaloweza.

Kama siku ile Sudi angenyamaza, na Baraka akapanda basi la Geita bila kuwa na la kusema, Neema angekaa chini kumsubiri?