Jibini, Mkate wa Shayiri na Tini Kavu

Mwezi wa kulima, korongo wakipita kwenda kusini

Shikamoo Mama,

Natumaini hujambo na magoti hayakusumbui na hii baridi. Mdogo wangu Mikon hajambo? Mwambie namkumbuka, hata kukoroma kwake. Mimi ni mzima, tena nimenenepa, ukiniona utasema mtoto wa jirani.

Ni hivi. Siku ishirini nilizunguka bandarini nikitafuta kibarua bila kupata. Kisha mzee mmoja wa baraza la mji akaniuliza kama nina ndugu hapa. Nikasema sina mtu. Alifurahi sana, sijui kwa nini, akanipeleka kwenye nyumba ya mji. Tangu siku hiyo nakula bure asubuhi na jioni: jibini, mkate wa shayiri na tini kavu. Kazi sipewi. Nikishika shoka nipasue kuni wananinyang'anya, wanasema kazi yangu ni kushiba.

Mwanao, Dexios


Mwezi wa kulima, siku za mwisho

Marahaba mwanangu,

Hatujambo, magoti ni yale yale. Mikon anakoroma kwa ajili yenu wawili. Barua yako nimesomewa na Kydon mfinyanzi, na ndiye anayeniandikia hii, kwa hiyo kijiji kizima kinajua umenenepa.

Sasa nisikilize. Nani amewahi kumlisha mgeni bure? Marehemu baba yako alifika huo mji wakati wa sikukuu ya mungu Apolo, shayiri inapoiva. Alimkuta mtu wanamwita Ufagio. Wanamlisha miezi mingi, jibini, mkate wa shayiri na tini kavu, hicho hicho unachokula wewe. Siku ikifika wanamvisha shada la tini shingoni, wanamzungusha mjini wakimchapa kwa matawi ya mtini na vitunguu pori, wanamtupia maovu yao yote, kisha wanamtoa langoni kwa mawe mpaka mpakani. Yule aliyeonwa na baba yako hakufika mpakani. Wanatafuta mgeni asiye na ndugu, na akiwa kilema ndiyo wanafurahi zaidi.

Toka huko leo. Njaa ya hapa angalau tunaijua.

Mama yako


Mwezi wa baridi kali

Shikamoo Mama,

Natumaini mnaota moto wa kutosha. Barua yako imenichekesha mpaka nikapaliwa na jibini. Njaa imekuharibu, ukisikia mtu ameshiba unaona maiti.

Ufagio kweli yupo. Ni Mthrakia mmoja mlevi, mgeni kutoka nchi ya Thrakia, hana jino hata moja, analala mkeka wa pili kutoka kwangu. Ni yeye, si mimi. Mimi ni mzuri wa sura, mwenyewe ulikuwa unasema. Wazee wananiweka kwa sababu wananipenda, na mlango wa hapa haufungwi. Nikitoka nitakula nini, theluji?

Msalimie Mikon. Kydon mwambie aandike herufi kubwa kidogo.

Mwanao, Dexios


Mbayuwayu wamerudi

Shikamoo Mama mpendwa,

Natumaini hujambo, wewe na Mikon. Nisamehe kwa kukaa kimya. Yule Mthrakia alikufa kwa homa, ndiyo mambo yakaingiliana. Mlango siku hizi unafungwa, ila ni kwa ajili ya wezi tu.

Nina habari njema. Nimeahidiwa kazi ya kulinda ghala. Nafasi yangu mezani itabaki wazi, na mzee wa baraza amesema nikimleta mtu mwingine atakaa yeye. Nikamfikiria ndugu yangu. Mtume Mikon, Mama. Kule anakula nini?

Kuhusu lile uliloogopa, nimeuliza. Waliliacha zamani. Siku hizi Ufagio anapigwa kwa maua, watu wanacheka, anarudi kwake.

Bado anachechemea? Si neno, hapa hakuna atakayemtaka akimbie. Ila asimwambie mtu kwamba ni ndugu yangu, wazee hawapendi ndugu wawili meza moja. Na awahi, afike kabla shayiri haijaiva.

Mwanao akupendaye, Dexios


Shayiri inachanua

Marahaba mwanangu,

Nimekaa na barua yako siku tatu. Kydon aliisoma mara mbili, akaniambia nisimtume. Nikamjibu kwamba mtoto niliyemnyonyesha hawezi kunidanganya kwa jambo kama hili. Halafu mvua ya mawe ikalaza shamba lote, na usiku huo Mikon alinipa kitunguu chake akisema ameshiba. Basi nikamfunga mzigo.

Ungemwona. Alioga mtoni mara mbili, akavaa joho la baba yenu. Tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumwita mahali. "Kaka kaniita," anawaambia hata mbuzi. Anakuja na muuza chumvi, juu ya punda, kwa sababu ya mguu.

Mshike mkono penye watu wengi. Kelele zinamtisha. Tini asipewe nyingi, zinamuumiza tumbo.

Niapie kwa moto wa nyumba yetu kwamba utamtunza.

Mama yako


Baada ya sikukuu

Shikamoo Mama,

Natumaini hujambo. Naapa kama ulivyotaka. Mikon hajambo, amepata kazi ya kuchunga ng'ambo ya mpaka, ndiyo maana hatasikika kwa muda.

Mimi mji umenichosha. Ile kazi ya ghala wamempa mtu mwingine. Wanasema aliyekula chakula kile hawezi kubaki mjini, wananitemea mate njiani. Nipo kwenye banda nje ya ukuta na sina kitu. Nataka kurudi nyumbani, Mama. Nitumie neno moja tu, useme nije, nitakuja siku hiyo hiyo. Usiniulize mengi.

Mwanao, Dexios


Mwezi wa kupura

Dexios,

Salamu zako nimesomewa.

Muuza chumvi alikuwepo langoni. Anasema Mikon alitoka akicheka. Alidhani lile shada la tini ni heshima, akawa anawapungia watu mkono. Wazee walikutaka wewe uanze kumchapa, ili wajue humfahamu, na ukaanza. Mikon akaacha kucheka. Akasema, "Kaka, ni mimi." Ukainua tawi mara ya pili. Mguu ule haukumfikisha hata kwenye mzeituni wa kwanza.

Nilimfunga mzigo kwa mikono yangu hii. Hilo nitalibeba mwenyewe, sitakugawia.

Neno unalolitaka ni njoo. Mlango uko wazi. Nimekuwekea jibini, mkate wa shayiri na tini kavu, zile tini nimezitunga kwenye uzi mmoja mrefu. Jirani mmoja amekata matawi ya mtini. Wengine wamenisaidia kuokota mawe, shamba letu halijawahi kuwa safi namna hii, na wameyapanga vizuri pande zote mbili za njia ya kuingilia kijijini.

Njoo ule.

Mama yake Mikon