Hodi Tatu, Mlango Mmoja

Mjukuu wangu Hamisi,

Huku Msimbati tu wazima, korosho zimeanza kudondoka, na bibi yako bado anakuita mume wake ili aniudhi.

Umeandika kutoka chuoni kwamba dawa mbili hushika kipokezi kilekile cha seli, lakini moja hutuliza maumivu tu, nyingine huleta na kichefuchefu, na hujaelewa kwa nini. Mimi niliishia darasa la nne, ila hilo naliweza.

Nilipokuwa kijana, tena mzuri kuliko wewe, nilimpenda bibi yako, binti wa Magomeni ya huku kwetu. Nikipiga hodi kwao, anatoka kaka yake na maswali. Muuza samaki akipiga hodi mlango huohuo, anatoka binti mwenyewe na bakuli. Waliomo ndani ni walewale, ila kila hodi ilimwinua mtu wake. Nadhani na kipokezi chako kiko hivyo: kila dawa inakigusa kwa namna yake, na ndani ya seli wanaondoka wajumbe tofauti.

Basi nikasikia fundi cherehani wa Chuno analeta posa Ijumaa. Nikaazima tenga la samaki, nikabisha hodi kwa sauti ya muuzaji. Akatoka bibi yako na bakuli, akachungulia.

“Mbona tenga tupu?”

“Samaki ni mimi.”

“Samaki mwenyewe umeoza,” akasema, huku anacheka. “Walete wazee wako kabla ya huyo fundi.”

Kesho yake, Ijumaa haijafika, wazee wangu walipiga hodi yao ya taratibu. Safari hii alitoka baba yake, ameshavaa kofia ya kupokea posa.

Babu yako