Familia ya Klamm Ilikuwa Ikizunguka

Jumanne, 11 Agosti 1987
Nebraska tena. Upepo, mahindi, na Durwood. Gurudumu kubwa la kupandisha watu angani tumelisimika kabla ya chakula cha mchana, mimi na fundi Ferlin. Durwood, mdogo wangu, kazi yake ni kusimama kando na kofia mpya na kunyoosha kidole. Mkurugenzi! Cheo kajipa mwenyewe. Mwaka huu biashara ya familia, maonyesho ya michezo ya kuhama mji hadi mji, inatimiza miaka sitini, basi bwana mkubwa anarekodi historia yetu kwenye kaseti, ichezwe uwanjani kila jioni. Amejifungia ndani ya trela lake, anakohoa na kuanza upya. Nimemuuliza kama anataka msaada, maana mambo mengi yalitokea kabla hajazaliwa. "Dada, wewe shughulika na tiketi." Haya.

Jumatano, 12 Agosti
Nimeisikia kaseti yake. Uwanja mzima umeisikia. Eti Baba alianza na "ndoto na farasi mmoja." Ndoto! Baba hakuota, alikoroma. Na farasi hakuwepo. Alikuwepo punda, tena wa kuazima. Biashara hii aliianza Mama, na sufuria ya bisi kwenye mnada wa ng'ombe. Baba alikuja kula bisi, akanogewa, akabaki. Lakini kwa Durwood, Mama ni "mke wake mpendwa" — basi, kwisha. Mimi sijatajwa kabisa. Gurudumu nimeliendesha tangu nikiwa mtoto wa nywele za mikia miwili. Kwenye kaseti linajiendesha lenyewe. Farasi wa mbao wa bembea ya watoto wametajwa kwa majina, mmoja mmoja!

Alhamisi, 13 Agosti
Tangu jana kuna kitu kwenye kaseti ile kinaniwasha kama nyasi ndani ya soksi. Leo nimekikamata, nakaanga soseji za vijiti. "Familia ya Klamm ilikuwa ikizunguka…" "Watoto walikuwa wakitungoja…" Ilikuwa? Walikuwa? Sisi tumekufa lini? Watoto wenyewe hawa hapa mbele yangu, midomo imejaa haradali.

Nikamfuata. Nikamwambia, wewe Durwood, mbona unatusomea tanzia tungali hai? Akaanza kuisugua kofia yake. Hapo nikajua. Anauza biashara yetu! Kampuni kubwa ya Texas, wanakuja Jumamosi kutazama. "Nilitaka nikwambie msimu ukiisha, dada." Msimu ukiisha! Kikulacho ki nguoni mwako — na hiki kimevaa kofia.

Nikamkumbusha wosia wa Baba: gurudumu ni letu sote wawili, nusu kwa nusu. Bila mimi kukubali haliuzwi. Akasema tutaongea. Mwoga. Hana hata ubavu wa kugombana.

Nimelia, ndiyo. Kwa hasira, na kwa hofu pia. Trela hili ndiyo nyumba yangu. Sijawahi kuwa na mtaa wala jirani. Kazi ikifa, mimi niende wapi?

Jumamosi, 15 Agosti
Lazima niandike haraka.

Wa Texas walikuja wawili, viatu vinang'aa, wanaruka mavi ya ng'ombe kama watoto wa shule. Durwood kawakalisha mbele kabisa. Halafu mashine ikaitafuna kaseti! Akanijia mbio na karatasi aliyoiandikia historia yake, jasho linamtiririka. "Isome wewe, dada. Tafadhali. Kwa sauti nzuri."

Kwa sauti nzuri! Nikashika kipaza sauti. Nikasoma mpaka "ilikuwa." Nikaiweka karatasi chini. Nikasema: "Familia ya Klamm haikuwa. Iko! Aliyeianzisha ni Hulda Klamm, na bisi zake. Mimi ni binti yake, Odessa. Nusu ya gurudumu lile ni yangu, na nusu yangu haiuzwi!"

Watu wakapiga makofi na vifijo, wamedhani ni sehemu ya maonyesho. Kichwa kilinivimba, siwezi kukataa.

Mmoja wa wale wa Texas akaja kwenye dirisha langu la tiketi. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Mama, tulia. Gurudumu lenu hatukuliomba. La zamani mno lile. Sisi tunanunua jina, na mikataba ya viwanja vyote mnavyokwenda. Vyote hivyo kaviandikisha ndugu yako peke yake."

Nikamwangalia Durwood. Akaangalia chini. "Lichukue tu, dada. Na nusu yangu pia."

Jumapili, 16 Agosti
Amesaini. Hakuja kuniaga, kamtuma mtu na keki. Nimewapa mbwa.

Gurudumu liko juu ya lori, vipande vyote vimefungwa. Langu lote sasa. Nimepitia kichwani viwanja vyote ninavyovijua, Kansas mpaka Dakota. Kila kimoja kina mkataba wa jina la Klamm, na jina sasa ni la Texas.

Ferlin amekuja mlangoni. "Bi Odessa, tunaelekea wapi?" Nikamwambia awashe injini kwanza, ipate moto. Ameiwasha muda sasa. Anapiga honi.